Sura ya Saba: Kuirudia The Wire na Mtu Asiyeitaka

Ziko tamthilia za polisi ambazo ukishamjua muuaji, basi, huna tena shida nazo. The Wire haimo katika kundi hilo. Humo muuaji unamjua mapema. Wakati mwingine unakuwapo anapopewa amri, unamwona akipanda gari. Kinachokushika ni jambo jingine: kuona jinsi watu wazima wenye akili zao, kila mmoja ofisini kwake, wanavyoweza kuyajua yote hayo na bado mambo yakaenda vilevile. Kisa cha namna hiyo hakiishi utamu kwa kujulikana mwisho wake. Ukishaujua mwisho ndipo unapata utulivu wa kutazama kazi ilivyofanyika.

Ilirushwa na kituo cha HBO cha Marekani kuanzia tarehe 2 Juni 2002 hadi tarehe 9 Machi 2008, misimu 5, sehemu 60. Mtunzi wake, David Simon, alikuwa mwandishi wa habari za polisi katika gazeti la Baltimore Sun. Mwaka 1988 alishinda na wapelelezi wa mauaji wa jiji hilo mwaka mzima, akaandika kitabu kiitwacho Homicide, kilichotoka mwaka 1991. Mshirika wake, Ed Burns, alikuwa mpelelezi wa mauaji kabla ya kuwa mwalimu wa shule. Waliyoyaweka kwenye skrini waliyaona kwa macho yao. Melvin Williams, muuzaji mkubwa wa dawa za kulevya ambaye Burns alishiriki kumkamata miaka ya 1980, alikuja kuigiza ndani ya tamthilia hiyohiyo, akiwa shemasi wa kanisa. Jay Landsman ni jina la mpelelezi wa kweli. Wamempa mhusika mmoja jina hilo, na Landsman mwenyewe anacheza ofisa mwingine kabisa. Mtu anayeitazama kwa mara ya kwanza hana habari na mambo haya wala hayahitaji. Anayeirudia ndiye huyatafuta.

Ninachotaka kusema katika sura hii ni kwamba mtu bora wa kuirudia naye ni yule asiyeitaka. Shabiki mwenzako atashangilia palepale unaposhangilia wewe, na mtamaliza misimu yote mitano mkiwa mmethibitishiana tu mliyoyaamini tangu mwanzo. Asiyetaka hana deni na tamthilia yako. Akisifu kitu, ujue kitu hicho kimestahili sifa. Akikikataa, itabidi utafute hoja ya kukitetea, na mara nyingine hoja hiyo haipo.

Kwangu mimi mtu huyo ni mume wangu, Baba Zuhura. Kazi yake ni kutoa mizigo ya watu bandarini Dar es Salaam. Ameajiriwa na kampuni ya wakala wa forodha, na mchana wake wote uko baina ya Kurasini, ofisi za forodha na bandari kavu. Akirudi Temeke jioni anataka chakula, taarifa ya habari, na kama Simba wanacheza, mpira. Ni mtu aliyekulia kwenye vibanda umiza vya miaka ya tisini, enzi za marehemu Lufufu, aliyekuwa akiichukua filamu ya kigeni na kuisimulia upya kwa Kiswahili hadi ikawa yake. Sizoni zilipoingia mjini alizipenda zile zinazokimbia. Aliitazama Prison Break mpaka mwisho, na 24 pia, kila saa bomu, kila saa msaliti mpya. The Wire alikuwa ameionja nami zamani, akaondoka kabla ya nusu saa. Hoja yake ilikuwa fupi: watu wanakaa kwenye sofa kuukuu katikati ya uwanja, polisi wanakaa ofisini, hakuna anayekwenda popote.

Sikumlaumu. Sehemu za kwanza ni ngumu kweli, na ni ngumu kwa makusudi. Majina yanamiminwa bila utambulisho. Vijana wanazungumza lugha ya mitaa ya Baltimore magharibi ambayo hata Wamarekani wengine huifuata kwa maandishi chini ya skrini. Hakuna anayegeuka kukueleza jambo. Mwishoni mwa sehemu ya kwanza kuna maiti barabarani, na kwa sekunde chache picha inarudi nyuma kukukumbusha ulimwona wapi mtu huyo. HBO ndio waliotaka picha hiyo iwepo, wakihofia mtazamaji atapotea. Simon hakuipenda, na hakuruhusu tena kitu cha namna hiyo. Kuanzia hapo, usipokumbuka ni juu yako. Mtu aliyetoka kupanga foleni ya malori tangu alfajiri ana haki ya kuuliza kwa nini akafanye tena kazi ya kukumbuka usiku.

Kilichomrudisha kilikuja kwa njia ya habari. Tarehe 26 Machi 2024, meli ya kontena iitwayo Dali, iliyokuwa ikitoka Baltimore kwenda Colombo, ilizimika umeme na kugonga nguzo ya daraja la Francis Scott Key. Daraja likaanguka majini na wafanyakazi sita waliokuwa juu yake wakiziba mashimo ya barabara, wahamiaji kutoka nchi za Amerika ya Kati na Mexico, wakafa. Njia ya meli ikafungwa kwa majuma kadhaa. Watu wa bandari popote walipo walilitazama tukio hilo kwa jicho lao. Baba Zuhura alilitazama kwenye simu mara nyingi, akihesabu kontena zilizopangwa sitahani, kisha akaniuliza, "Mama Zuhura, hii Baltimore si ndiyo ya ile sizoni yako?"

Nikamwambia ndiyo, na bandari yenyewe imo, msimu wa pili.

"Basi tuanzie huo wa pili."

Hapo nilikataa, na ninamshauri kila mtu akatae. Rafiki zangu kadhaa huwaanzishia wenzao pale penye mvuto, wakidhani wanawasaidia. Kwa The Wire unamnyima mtu haki yake. Msimu wa pili unaanza na mpelelezi McNulty akiwa kwenye boti ya doria, kazi aliyopewa kwa adhabu, na kama hukumwona akiwaudhi wakubwa wake kwa sehemu 13 zilizotangulia, hutaelewa kwa nini anatazama maji kwa uso ule. Nilimwahidi Baba Zuhura jambo moja tu: tutatazama siku asizochoka, na akisema basi kwa leo, ni basi, hata ikiwa katikati ya mazungumzo.

Wakati huo nilijifunza adabu mbili ambazo ninazishikilia mpaka leo. Ya kwanza inajulikana na wengi ingawa wachache huifuata: usiseme kabla. Usimwambie "mwangalie huyu vizuri," usikohoe mhusika fulani anapoingia, usirudishe nyuma kumwonyesha kitu alichokipita. Ya pili ni ngumu zaidi. Usimtazame usoni. Anayeirudia tamthilia huwa ameshaiona skrini. Anachotaka kuona sasa ni uso wa mwenzake jambo kubwa linapotokea. Mwenzake analihisi jicho hilo, na sebule inageuka chumba cha mtihani. Mtu asiyetaka akihisi anatahiniwa ataondoka, na atakuwa na haki. Tazama skrini. Utamsikia tu.

Mara ya kwanza nilimsikia ilikuwa kwenye zile namba. Msimu wa kwanza unakwenda na teknolojia ya wakati wake: vijana wa genge la Barksdale hawana simu mkononi, wana vifaa vidogo vya kupokelea namba, na simu za kulipia zilizotundikwa ukutani. Namba zinazotumwa si za kweli, zimefichwa. Polisi wanahangaika nazo mpaka ofisa mmoja, Prez, ambaye kwenye doria ya mitaani ni hatari kwa kila mtu, anaigundua siri akiwa amekaa kwenye dawati. Ruka juu ya 5. Namba 1 inasimama badala ya 9, 2 badala ya 8, 3 badala ya 7, 4 badala ya 6, na 5 inabadilishana na sifuri. Baba Zuhura aliniomba nisimamishe. Akatoa simu yake, akafungua vitufe vya namba, akapitisha kidole kutoka pembe hadi pembe, akarudia kwa namba yake mwenyewe. "Kijana aliyetunga hii hakuhitaji kujua kusoma," alisema. "Anahitaji kidole tu." Nilikuwa nimeipita sehemu ile mara nyingi nikiwaza akili ya Prez. Yeye alikwenda moja kwa moja kwa aliyeutunga utaratibu wenyewe, na kwa mtu atakayeutumia akiwa amesimama barabarani usiku.

Ikafuata sheria ya kusikiliza. Katika tamthilia nyingi polisi wakitaka kusikiliza simu ya mtu wanasikiliza. Hapa lazima waende kwa jaji, waeleze kwa maandishi kwamba njia nyingine zote zimeshindikana, na wakishapata kibali hawaruhusiwi kusikiliza kila kitu. Simu ya kulipia hutumiwa na mtaa mzima, kwa hiyo mpelelezi mmoja anakaa juu ya paa akihakikisha kwamba aliyeshika simu ni mtu wao, ndipo mwenzake akiwa ofisini anaruhusiwa kurekodi. Mazungumzo yakigeuka kuwa ya mama na mwanawe, wanazima. Mume wangu, ambaye maisha yake ni vibali na mihuri, alianza kuwaheshimu polisi wale hapo hasa. Hakujali wanavyopiga risasi, na kwa kweli ni nadra wapige. Alijali kwamba wanajaza karatasi zao sawasawa, na kwamba bosi mmoja mvivu anaweza kuiua kazi ya miezi kwa kutotia sahihi.

Jambo aliloniachia kubwa kuliko yote ya msimu wa kwanza ni la mchezo wa sataranji. Mandhari hiyo ni maarufu na imeandikwa sana. Iko katika sehemu ya tatu. D'Angelo, mpwa wa mkubwa wa genge, anawakuta vijana wawili, Bodie na Wallace, wamekaa na ubao wa sataranji. Anawauliza wanacheza nini, kisha anawafundisha: huyu mfalme, huyu malkia, hawa wa mbele ni askari. Wasomaji wengi wa mandhari hii, nami nikiwamo, hutazama maelezo ya D'Angelo, kwa sababu kila kipande anachokieleza kinafanana na mtu katika genge lao. Baba Zuhura hucheza drafti kila Jumapili chini ya mwembe karibu na msikiti, na alichokiona yeye ni kile vijana walichokuwa wakikifanya kabla D'Angelo hajafika. Walikuwa wakicheza drafti kwa vipande vya sataranji.

"Sasa kawaharibia mchezo," alisema. "Kwani drafti ina ubaya gani?"

Nikamwambia sataranji ni mchezo mkubwa zaidi. Akanijibu kwamba katika drafti kete zote zinaanza sawa, na yoyote ikivuka mpaka mwisho inakuwa kingi. Katika huu mwingine, mfalme amezaliwa mfalme, anakaa nyuma analindwa, na hawa wadogo wametangulizwa mbele wafe kwanza. Bodie anauliza swali lilelile kwa namna yake: je, askari akifika upande wa pili? D'Angelo anampa jibu, na jibu hilo linaubeba msimu wote, na misimu mingine pia, kwa sababu Bodie tutakuwa naye muda mrefu. Vijana wale walikuwa wakiishi kwa sheria za drafti. Waliamini ukivuka utavishwa taji. Wametumia miaka yao yote wakiwa wamekaa kwenye ubao wa mchezo mwingine. Nimeisoma mandhari hiyo katika makala nyingi, na kwangu hakuna aliyeieleza vizuri kuliko mchezaji drafti wa Temeke.

Sitasema nani anakufa mwishoni mwa msimu huo. Baba Zuhura alikasirika. Alikataa kutazama kwa kipindi fulani, na mimi sikumuuliza.

Msimu wa pili mashabiki wengi huuweka chini. Wameshawazoea vijana wa maghorofa ya magharibi, halafu ghafla wanapelekwa gatini kwa makuli wazungu wenye asili ya Poland, bia asubuhi, vikao vya chama cha wafanyakazi. Wengi huuruka wanapoirudia tamthilia. Kwangu mimi ni msimu unaoshikilia misimu mingine yote, na nitaeleza kwa nini kwa kufuata macho ya mtu aliyeutazama akiwa kazini.

Ofisa wa polisi wa bandari, Beadie Russell, anapita kati ya makontena. Kabla hajasimama, Baba Zuhura akasema, "Lakiri imekatwa." Ndivyo ilivyokuwa. Kontena limeteremshwa, lakiri ya forodha haipo salama, na bila lakiri hakuna anayeweza kuapa kwamba kilichomo ndicho kilichoandikwa. Ndani mna sehemu iliyofichwa, na ndani yake maiti za wanawake 13. Bomba lililowapa hewa limepondwa. Mwanamke wa 14 ameokotwa majini. Ni watu waliosafirishwa kama shehena, hakuna ajuaye majina yao, na kwa sehemu kadhaa zinazofuata viongozi wa idara mbalimbali za polisi hawashindani kumpata muuaji. Wanashindana kuwasukumia wengine kesi hiyo, kwa sababu vifo 14 visivyo na mshtakiwa vitaharibu takwimu za atakayepokea. McNulty anakaa na chati za maji kupwa na kujaa na mwelekeo wa upepo, anathibitisha kwamba mwili ulianguka ndani ya mipaka ya jiji, na anafanya hivyo kwa chuki dhidi ya bosi wake wa zamani zaidi ya kwa huruma. Matokeo yake ndiyo haki pekee ambayo wanawake wale watakaribia kuipata. Baba Zuhura alilijua jambo hilo kwa kazi yake. Mzigo wenye hitilafu, alisema, kila ofisi inakwambia uende ofisi ya jirani.

Kisha kuna Frank Sobotka, mweka hazina wa chama cha makuli, ambaye ndiye moyo wa msimu. Anapokea fedha za wasafirishaji wa magendo ili makontena yao yapotee. Kupotea kwenyewe ni rahisi ajabu: karani anayehesabu shehena asipoingiza namba inavyotakiwa, kontena kimakaratasi halipo, na lori linaweza kulitoa. Baadaye wapelelezi wanajifunza kuitazama kompyuta ya bandari na kuona ni kontena gani limetoweka, saa hiyohiyo. Mume wangu aliusimamisha msimu mara nyingi hapa kunieleza lipi linawezekana na lipi haliwezekani, na hukumu yake kwa jumla ilikuwa kwamba waandishi wamekaa na watu wa kazi. Ila Frank hajengi nyumba wala hanunui gari kwa fedha hizo. Anawalipa wanasiasa na washawishi ili mfereji uchimbwe kina, gati la nafaka lifufuliwe, meli ziongezeke, na vijana wanaokaa kwenye ukumbi wa chama wakisubiri majina yao yaitwe wapate siku za kazi. Kuna mandhari fupi ambamo anakalishwa aonyeshwe picha za bandari ya Rotterdam, mitambo ikihamisha makontena bila watu. Wote chumbani wanaona maendeleo. Frank anaona ukumbi mtupu.

Tulizungumza sana baada ya mandhari hiyo, mpaka Zuhura akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Mwaka 2023 Watanzania walibishana kwa miezi mingi juu ya mkataba wa kampuni ya DP World na bandari ya Dar es Salaam, bungeni, misikitini, makanisani, kwenye daladala. Baba Zuhura alikuwa na maoni yake, nami nilikuwa na yangu, na hatukuwa tumewahi kuyamaliza. Frank Sobotka alitupa pa kuyasemea. Yeye anaamini mitambo haina budi kuja, kwa sababu meli haimsubiri mtu. Lakini alisema kitu ambacho sikuwahi kumsikia akikisema wakati wa mjadala wenyewe: kwamba anayeleta mtambo anapaswa kuwatazama watu wa ukumbini usoni kwanza, na kuwaambia watakula wapi. Hatukukubaliana juu ya mkataba. Tulikubaliana juu ya Frank.

Ndiyo maana nasema msimu huu unashikilia mingine. Wa kwanza ungeweza kumwachia mtu dhana kwamba hizi ni habari za dawa za kulevya na watu weusi wa mtaa mmoja. Wa pili unaonyesha kazi halali ikiondoka, na familia nzima za watu wenye ujuzi zikibaki na milango miwili, magendo au unyonge. Ukishaona hivyo, unaporudi mitaani msimu wa tatu unajua vijana wale wanakaa kona kwa nini. Viwanda na magati ambayo yangewachukua yalikwisha kufungwa kabla hawajazaliwa.

Msimu wa tatu aliupenda kwa sababu ya Stringer Bell, mkubwa mwingine wa genge la Barksdale, anayechezwa na Idris Elba. Alikuwa ameshamwona Elba akiwa Mandela katika filamu ya mwaka 2013, nami nilimkumbusha Sometimes in April ya mwaka 2005, iliyopigwa Rwanda, inayohusu mauaji ya kimbari. Hakuamini kwamba mtu anayezungumza Kibaltimore namna ile ni mzaliwa wa London, wala kwamba McNulty ni Dominic West wa Sheffield. Stringer anakwenda chuo jioni kusoma uchumi, kisha anajaribu kuendesha mauzo ya heroini kwa kanuni za darasani. Baba Zuhura alimhurumia kuliko ninavyomhurumia mimi. Hilo tumeliacha hapo.

Msimu wa nne ni wa shule, wa wavulana wanne: Michael, Namond, Randy na Dukie. Prez aliyegundua siri ya namba sasa ni mwalimu wa hesabu, na Ed Burns, aliyewahi kuwa mwalimu, anaonekana katika kila darasa. Ni msimu bora kuliko yote. Hapa sina la kupunguza. Uzito wake umo katika mambo madogo kama nguo za Dukie, ambazo hazifuliwi kwa sababu nyumbani kila kitu kinauzwa, na Prez anavyomtafutia safi bila kulitangaza darasani. Binti yetu ana umri wao. Mume wangu hakuwa tena mtu asiyetaka kufikia hapo, na alitazama kama mzazi anavyosoma ripoti ya shule. Randy anapoangushwa, alihesabu kwa vidole watu wazima waliomwangusha: polisi aliyeahidi, polisi aliyesahau, aliyetaja jina lake ovyo, ofisi ya ustawi iliyofuata utaratibu. "Hakuna hata mmoja aliyemchukia," alisema. Ni kweli, na sijui tamthilia nyingine iliyolionyesha hilo kwa uaminifu huo.

Wa tano aliukataa. Unahusu gazeti, na McNulty ndani yake anafanya uongo mkubwa ili apate fedha za upelelezi. Nimeusikia utetezi wa mashabiki kwamba uongo huo ni mfano wa magazeti yanavyotengeneza habari. Baba Zuhura alisema polisi tuliyemfahamu kwa misimu minne hawezi kufanya vile, na wakubwa tuliowafahamu wasingedanganyika kwa urahisi vile. Nimejaribu kujenga hoja dhidi yake, nimeshindwa. Simon aliondoka Baltimore Sun mwaka 1995 akiwa na uchungu na wenye gazeti, na nadhani uchungu huo ulimharakisha. Msimu una sehemu 10 tu, mfupi kuliko yote. Hata hivyo umalizie, kwa ajili ya Bubbles, mtumiaji wa dawa ambaye Andre Royo anamcheza tangu sehemu ya kwanza. Yeye peke yake anatosha kuulipia.

Tamthilia hii haikupata tuzo ya Emmy hata moja. Iliteuliwa mara 2 tu, zote kwa uandishi. Watazamaji wake walikuwa wachache ilipokuwa hewani, wakaongezeka ilipokwisha, kwa mkono wa mtu mmoja kumpa mwenzake kasha la DVD na kumsihi avumilie. Michael K. Williams, aliyemwigiza mhusika Omar, alifariki Septemba 2021. Lance Reddick, aliyemwigiza Luteni Daniels, alifariki Machi 2023. Kuirudia sasa ni pia kuwatazama hawa wawili wakiwa katika kilele cha kazi yao, na mtu anayewaona kwa mara ya kwanza anawaona hai kabisa.

Kwa hiyo, wewe mwenye tamthilia uipendayo na mwenzio asiyeitaka: usimwombe aipende. Mwombe aitazame kwa macho ya kazi yake, awe muuguzi, fundi, dereva au mwalimu, na akisimamisha ili akueleze jambo, mpe rimoti. Kama ni The Wire, anzeni msimu wa kwanza, sehemu ya kwanza, na ule wa pili msiuruke.